Bastola Ndogo ya Kumfaa Bwana Seif

Vijana wangu, tangu nistaafu nikarudi Kanga, hapa kisiwani Mafia, hakuna anayeniuliza habari za mgongo wangu. Wananiuliza bastola. Mtu anakuja na shikamoo ndefu kama kamba ya nanga, nikishaitikia marahaba anatazama kushoto, anatazama kulia, anasogeza kigoda: eti Mzee Mbwana, ile ndogo nzuri ya kutembea nayo kila siku, isionekane, ni ipi? Baadhi yenu mnanunua pweza Juani na Bwejuu na mnabeba fedha za watu, nawaelewa. Wengine hamna hata kuku wa kuibiwa, mmeona tu kwenye simu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, msome wote, kisha mniache ninywe chai yangu.

Kwa asiyenijua, nilikuwa fundi wa silaha katika duka moja la Dar es Salaam, duka lenye leseni na milango ya chuma. Bastola nilizozifungua, nikazisafisha na kuzifunga tena, ukizipanga pua kwa mkia zinatoka Kilindoni zinafika Kanga, na zitakazobaki unajengea gati. Nilianza kwa kufagia. Jioni nikitoka pale nakwenda darasani, masomo ya watu wazima, dawati moja na dereva wa lori aliyekuwa akisinzia juu ya daftari langu la fizikia. Cheti cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na ndevu ambazo mwalimu mwenyewe alizionea wivu. Na fizikia ile msiidharau. Ndiyo iliyonieleza kwa nini bastola ndogo humuumiza mkono mtu mkubwa, na baada ya hapo nikawa sikamatiki kwa maneno, mke wangu shahidi.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Mkude, Mluguru mwembamba, mkali kwa chuma na mpole kwa watu. Mteja akiingia akasema anataka bastola, Mkude hakumwonyesha bastola. Alimtazama nguo. Unavaa nini kila siku? Unakaa kwenye gari au unatembea? Unabeba mtoto upande gani? Mteja anajibu kwa hasira, amekuja kununua silaha anaulizwa habari za suruali. Kisha Mkude anafungua droo na kutoa vipande vya mninga alivyochonga mwenyewe kwa kipimo cha kila bastola tuliyouza. Ndani alivitoboa akavitia madini ya risasi ili vipate uzito wenyewe. Anampa mteja kimoja: nenda nacho, kifunge kiunoni, kaa nacho, inama nacho, panda nacho ngazi, halafu rudi. Kama mbao inakusumbua, chuma kitakutesa.

Palikuwa na mkandarasi mmoja, mtu wa kimo na tumbo, aliyekataa mbao. Alitaka kubwa, akachukua kubwa. Akawa kila akikohoa suruali inashuka. Alikuja kurudisha ameishika suruali kwa mkono mmoja na heshima kwa mkono wa pili. Mkude hakumcheka. Alingoja afike nje.

Lakini msidhani ndogo ndiyo dawa. Kaliba, yaani unene wa risasi, ina mambo yake. Nyembamba kuliko zote tulizokuwa nazo ni ya .22, pale dukani tuliiita mbili-mbili. Haipigi mkono, risasi zake ni rahisi, utafanya mazoezi mpaka uchoke wewe. Ila risasi hizo zina tabia ya kugoma, unafyatua inakaa kimya kama mkwe. Ya .25 inapendeza kwa macho, wateja waliiita mtoto, lakini haina nguvu ya kuizidi mbili-mbili kwa maana, na risasi zake utazitafuta mpaka upate mjukuu. Mimi nilikuwa mtu wa .32. Ni mpole wa kutosha kwa mkono wa kawaida, na bastola yake hulala kiunoni bila kugombana na mbavu. Ya .380 ina nguvu kuliko hizo, lakini ukiipata katika bastola nyepesi ya kujaa kiganja tu, kila ukipiga inakuzaba kibao. Hapo ndipo fizikia yangu inapoingia: risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma, na ikiwa nyepesi inarudi kwa hasira. Kitako kifupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Mtutu mfupi, mkono ukitikisika kidogo tu risasi inakwenda kwa jirani. Watu hudhani ndogo ni ya kuanzia kujifunza. Ni ya aliyekwisha kujifunza.

Halafu nguo zetu. Kanzu haina mkanda. Mtu akiitia bastola kwenye mfuko wa kanzu inaning'inia kama nazi kavu, kila anayepita anajua. Na mfuko wenye bastola usitie kingine, si funguo, si tasbihi, si peremende za watoto. Bastola ikae ndani ya ala ngumu inayofunika triga yote, na ala ikae kwenye mkanda imara, juu ya msuli au suruali ndani ya kanzu. Ala ya kitambaa laini ni soksi, si ala.

Na hewa ya kwetu! Chumvi ya bahari inakula bati, itaacha bastola? Alikuja pale dukani mtu wa kisiwa hiki hiki, kijiji sikitaji kwa sababu watoto wake wananisalimia. Bastola yake haivutiki mbele wala nyuma. Nikaifungua, nikakaribishwa na harufu ya jikoni. Ameipaka mafuta ya nazi. Mimi nilimwelewa. Sisi wa Mafia mafuta ya nazi tunapikia, tunapaka nywele, tunamchua mtoto, tunatia kwenye bawaba za mlango, kwa nini bastola ionewe? Lakini mafuta yale yakikaa ndani ya chuma huganda na kunata kama gundi, na mchanga wetu laini unakuja kufanya makazi. Pini iliyokuwa ipige risasi ilikuwa imelala usingizi wa shibe. Mzee Mkude aliisogeza puani, akaniuliza kama wali umeshaiva.

Basi hayo ndiyo mliyoyatafuta: nguo, mkono, kaliba, ala, mafuta yake halisi, na mazoezi. Kabla ya yote hayo kibali, kuanzia serikali ya kijiji mpaka polisi, na asiye na kibali asije hata barazani kwangu. Ujuzi wote huo nilikwenda nao siku moja kwa Bwana Seif, na haukunifaa kitu.

Bwana Seif ni mfanyabiashara wa nazi na mbata, nyumba yake Kilindoni, mashamba yake ya minazi huku kwetu Kanga. Babu yake alitoka Omani akaoa hapa, akabaki. Bastola yake ya .32 nilimchagulia mimi, wakati huo nina meno yangu yote. Alikibeba kipande cha mninga akaenda nacho mjini, akakirudisha, akasema kinakaa. Ndiyo aliyotembea nayo tangu siku hiyo, kila alipokwenda kulipa wakwezi na wafuaji nazi mashambani. Kila alipovuka kuja Dar aliniletea niisafishe, pamoja na papa mkavu wa kutosha kulisha jeshi. Hakuna mteja niliyemwamini kama yeye. Nikisimama kuwafundisha wapya namna ya kutoa risasi kwenye bastola, nilitamani Bwana Seif awepo nimwambie, waonyeshe.

Mwaka juzi akanipigia simu. Vidole vimekaza, springi imekuwa nzito kama lango la boma, hawezi tena kukoki. Anataka nyingine ndogo, laini. Nikamwambia hilo si tatizo. Zipo za .22 ambazo mtutu wake huinuka kama kifuniko cha sanduku, unatia risasi moja kwa moja bila kuvuta chochote, zimetengenezwa kwa ajili ya vidole vya namna hiyo. Nikachukua vipande vya mninga, Mzee Mkude aliniachia alipostaafu, nikapanda bodaboda kwenda Kilindoni nikiwa na furaha ya mtu aliyekumbukwa.

Mkewe, Bi Shamsa, alinikamata uani kabla sijavua viatu. Ni mwanamke wa sauti, akimwita mtoto aoge hata watoto wa mtaa wa pili wanaoga. Siku hiyo alizungumza chini. Alinieleza kuwa mzee anaificha bastola na kusahau alipoificha. Mara moja yeye Bi Shamsa ameikuta ndani ya pipa la mchele, akiwa na kibaba mkononi anataka kupika. Mara nyingine juu ya dirisha, mahali wajukuu wanapoweka madaftari yao. Siku hizi mzee anauliza kama mbata imesafirishwa, anajibiwa, anakunywa maji, anauliza tena. Vijana wake wamesema naye, amewatimua kwa maneno. Kila anayezungumza naye habari hiyo, yeye anamwona mtoto.

"Fundi, mimi sitaki umchagulie," akasema. "Nataka umwambie."

Nikamuuliza nimwambie nini. Alikuwa ameshafikiri. Nimwambie bastola ina ufa, haifai, na duka limefungwa. Atanikubali, kwa kuwa habari za chuma husikiliza kwangu tu.

Nilivua viatu polepole kuliko ilivyohitajika. Mzee Mkude alikuwa akituambia kwamba fundi akidanganya kuhusu chuma mara moja, hata ukweli wake watu wataukagua. Lakini Mzee Mkude hakuwa na wajukuu wa mtu yeyote wanaocheza kwenye dirisha lile.

Bwana Seif alikuwa sebuleni, kanzu safi, kofia ya mkono, ameandaliwa kahawa. Tukaulizana hali, ya kwangu na ya minazi. Nikatandaza vipande vyangu juu ya meza.

"Nimekuita uniletee bastola, umeniletea miko?"

Nikamwambia hata mara ya kwanza alianza na mwiko. Akacheka, akavishika kimoja kimoja, na ule mdogo kabisa wa mbili-mbili ukampendeza. Ulizama kiganjani. Nikamwambia kabla ya kuzungumza zaidi nione hiyo ya zamani, nijue vidole vinakwama wapi. Akainua ubavu wa kanzu, akaitoa kwenye ala. Ilikuwa safi, ina mafuta yake halali. Akaielekeza kwenye kona yalipokuwa magunia ya mbata, kama inavyotakiwa, kidole nje ya triga.

Hapa niwaeleze ninyi msiojua. Kuondoa risasi kwenye bastola ya aina hii kuna mwanzo na mwisho. Kwanza unachomoa magazini, kikasha cha risasi kilichomo kitakoni, ndicho chakula chake. Halafu unavuta nyuma slaidi, lile gamba lake la juu, na risasi iliyokaa chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu, inaruka nje. Ukigeuza, ukavuta kwanza, risasi moja inatoka na magazini inapandisha nyingine pale pale. Ukichomoa magazini baada ya hapo utaona mkono wako umejaa risasi, utasema tupu, na moja itakuwa ndani inakungoja.

Bwana Seif alivuta slaidi. Kwa taabu, kwa viganja viwili, lakini alivuta. Risasi ikaruka ikaanguka mkekani. Akaiokota. Kisha akachomoa magazini, akaiweka mezani, akanikabidhi bastola.

"Tupu," akasema.

Fundi hapokei maneno. Hata mama yangu angenipa bastola na kuniapia, ningevuta. Nikaielekeza kwenye magunia nikavuta, na risasi ya pili ikatoka ikabingirika mpaka kwenye mguu wa meza.

Nilijiambia mtu huteleza, vidole vinamuuma, mgeni amekuja. Nikarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikamwomba anionyeshe tena, taratibu, huku akinieleza, kama nilivyokuwa nikitaka awaonyeshe wapya.

Akaanza kueleza, na sauti ilikuwa ile ile niliyoijua. "Kwanza magazini," akasema, na mkono ukavuta slaidi. Risasi ikaruka. "Halafu ndiyo unavuta slaidi," akasema, na mkono ukachomoa magazini. Mdomo haukukosea hata neno. Alinikabidhi tena kwa utulivu wa mtu aliyefaulu mtihani.

Nikavuta. Ikatoka nyingine. Safari hii niliiokota mimi, nikaiweka katikati ya kiganja chake na kukifunga.

"Bwana Seif," nikamwambia, "hii ilikuwa chemba."

"Nilitoa magazini."

"Ulitoa. Baadaye."

Akafungua kiganja akaitazama. Mwishowe akasema ndiyo maana anataka ile ndogo, isiyovutwa, mtutu unainuka mtu anaona mwenyewe ndani kuna nini.

Na hapo, wanangu, alikuwa amenipa mlango. Alikuwa na hoja. Ile ndogo ingeuondoa huo mwendo wa kuvuta, vidole vingepona, na mimi ningeondoka na shukrani na papa mkavu. Ningeweza pia kuusingizia ufa. Ila ile ndogo nayo ingeingia kwenye pipa la mchele. Tena ndogo ndiyo inayoingia kila mahali, na triga yake laini ndiyo inayovutika kwa kidole cha mtoto.

"Sina ya kukuchagulia," nikasema.

"Dukani hazipo?"

"Zipo. Sina ya kukuchagulia wewe."

Akasema nimeanza kunena kama vijana wake. Nikamwambia vijana wake hawajui chuma, mimi najua, na chuma kimeniambia. Bastola yako ni nzima, Bwana, haina kasoro hata moja, ningekuwa na kasoro ya kukutajia ningefurahi.

"Shamsa ndiye aliyekuita?"

Mlangoni palikuwa na mtu aliyesimama na birika.

"Aliyemwita ni wewe," Bi Shamsa akasema. "Aliyemsimamisha uani ni mimi."

"Na akija mwizi?"

"Akija mwizi nipo."

Hapo Bwana Seif alinitazama kama Mzee Mkude alivyonitazama dukani siku mkandarasi alipopita na suruali yake. Akasema kama ni hivyo mwizi apewe pole mapema. Bi Shamsa akaongeza kwamba ikiwa kiuno kinaona baridi, basi Fundi amwachie ule mwiko. Tukacheka wote watatu, yeye Bwana Seif kidogo kuliko sisi. Kisha akaniomba niifunge bastola na risasi zake nimpe Bi Shamsa aziweke mbalimbali, chini ya kufuli, na ufunguo akae nao Bi Shamsa mwenyewe. Hakusema atafanya nini. Nilirudi Kanga na mninga wangu, na barabara ilikuwa ndefu kama ya kwenda Songea.

Siku chache zikapita ndipo simu ikalia. Nije Kilindoni asubuhi, Bwana Seif anakwenda kuisalimisha bastola polisi, anataka fundi awepo kaunta isije ikaaibika. Nilimkuta amevaa joho. Polisi aliyetupokea alikuwa binti mdogo, akamwamkia kwa adabu, akamuuliza sababu ya kusalimisha. Bwana Seif alimwambia, "Andika: mikono imestaafu." Binti akaandika, sijui kwa maneno gani. Kisha akaomba silaha ihakikiwe kuwa tupu, na Bwana Seif akanisukumia mimi bila kuiangalia. Nikachomoa magazini. Nikavuta slaidi. Haikuwa na kitu. Nikaiweka juu ya kaunta, nikaona Bwana Seif anaisogeza mwenyewe kwa ncha ya kidole mpaka upande wa pili.

Tulipotoka adhana ya adhuhuri ilikuwa inaita. Tulitembea mpaka msikitini, yeye akiinamia kulia kwa mazoea, kama bado amebeba. Tukatawadha. Mimi nikaingia kwenye safu, nikamwachia mahali pake, maana kila mtu Kilindoni anapajua: mwisho kabisa wa safu, mkono wa kulia, ubavu wake kwenye ukuta. Wengi walidhani ni unyenyekevu, na wengine walisema ni maringo ya kizazi cha Kimanga, cha babu wa Omani, hataki kugusana na wavuvi. Mimi nilijua. Alipenda ukuta kwa sababu ukuta haumuulizi mtu amebeba nini.

Hakwenda ukutani. Alisimama kidogo katikati ya msikiti, kanzu imemlala sawa pande zote mbili, kisha akaja akajipenyeza baina yangu na mchuuzi mmoja wa dagaa ambaye mikono yake ilikuwa bado inanuka kazi. Bega lake likagusa la mchuuzi. La pili likawa linatafuta langu.

"Sogea, Fundi," akaninong'oneza, "umeacha nafasi."

Nikasogea.